Kisa cha Akullo Mdomoni mwa Kidega

Tulimwacha Kidega akishuka ngazi za ofisi ya bima, tai ameikunja mfukoni, amekataliwa tena. Msomaji aliyeikosa sehemu ile hajapoteza mengi, maana zilizotangulia zote zilikwisha vivyo hivyo: kijana anaingia kifua mbele, anatoka anatazama viatu vyake.

Nyumbani alikuwa simba. Lain nzima, yaani zile nyumba za askari polisi alikozaliwa, ilimjua kuwa mtunzi wa mashairi aliyejifunza peke yake na kuapa kwamba hatatumia hata mstari mmoja wa mtu mwingine. Harusi ikiwapo, anaitwa. Askari akistaafu, anaitwa. Lakini mbele ya meza ya usaili ulimi ule ule uligeuka kipande cha ubao.

Sababu aliigundua Benedicte.

Huyu alikuwa mama wa Kikongo mwenye saluni Kansanga. Kabla vita haijamleta Kampala alikuwa akiajiri wafanyakazi katika hoteli moja ya Bukavu. Jumapili mchana, saluni ikiwa imefungwa, aliwaketisha vijana kwenye viti vya kukaushia nywele na kuwasaili mmoja mmoja, wengine wakisikiliza.

"Kidega, tuelezee juu yako."

"Naitwa Kidega Olweny. Miaka ishirini na sita. Nakaa lain."

"Endelea."

"Nimemaliza."

Wenzake wakacheka. Babra, binti wa koplo mmoja, alicheka mpaka kiti kikalia.

"Kale, haya," Benedicte akasema. "Kosa gani umefanya kazini, kisha ukalitengeneza?"

"Sijafanya kosa."

"Na mtu akisema ulifanya?"

"Alete shahidi."

Benedicte akavua miwani, akamtazama kama mtu anayetazama nywele zilizoungua. "Weye, nani alikufunza kujibu hivi?"

"Mzee wangu."

"Kazi yake?"

"Alikuwa mpelelezi wa polisi."

"Nilijua. Unajibu kama mtu ya seli. Mzee alikulea usijifunge kwa mdomo yako mwenyewe: jibu kile umeulizwa, nyamaza. Sawa, lakini kwa intavyu hakuna kesi. Wale watu ya meza wanatafuta mtu wa kukaa naye kazini kila siku. Usiwape sifa zako, wape kisa. Kitu fulani kilitokea, weye ukafanya nini, mwisho ikakuwa namna gani. Basi."

"Kisa gani?"

"Chako."

Hapo ndipo palipomchoma. Kidega alipekua maisha yake yote pale kitini, chini ya lile kofia la kukaushia nywele, asione kitu. Alikuwa amesoma, amemaliza, amekaa. Sifa za watu wengine aliweza kuzitunga mpaka wazee watoe leso. Za kwake hazikuwapo.

Kisha zamu ikawa ya Akullo.

Akullo na Kidega walikua pamoja. Nyumba ya kwao na ya akina Kidega ziliangaliana mlango kwa mlango. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, akiongea na sakafu. Na aliiambia sakafu kisa hiki: kwamba alikuwa ndani ya basi kutoka Gulu, mvua ikakata barabara, basi likakwama. Abiria wakataka kumpiga dereva. Kumbe viti vya nyuma kuna mama amekamatwa na uchungu. Akullo akasimama juu ya kiti. Akawashusha wanaume wote, akawapanga kulizunguka basi, migongo kwenye madirisha, wawe pazia. Akauliza kama kuna mkunga. Akajitokeza bibi mmoja mstaafu. Dereva aliyekuwa karibu kupigwa akatumwa kutafuta maji ya moto, na aliporudi na ndoo watu walimpigia makofi. Mtoto akazaliwa mchana kweupe.

Babra alikuwa amesogeza kiti karibu.

"Hicho ndicho kisa," alisema Benedicte. "Lakini unakisema kama unaomba msamaha. Rudia."

Alirudia Jumapili ile, na iliyofuata, na nyingine. Kila mara aliongea na sakafu. Na kila mara Kidega aliwashwa ulimi. Alijua pa kupumzika. Alijua neno la kutangulia. Kisa kizuri namna hii, aliwaza, kimeangukia mdomo usiojua kukibeba. Akaona aibu ya kuwaza hivyo. Aibu kidogo tu.

*

Kazi yenyewe ilikuwa ya kampuni ya mabasi, yale yanayokwenda Nairobi, Juba na Goma. Walitaka msimamizi wa abiria. Usaili ulikuwa wa Kiswahili, maana nusu ya abiria wao ni Wakenya na Wakongo. Safari hii watoto wa lain walikuwa na bahati: mjini watu wanakiogopa Kiswahili wakidhani ni lugha ya kuamrishiwa, wao wamekinyonya na maziwa.

Wakaenda watatu, Kidega, Babra na Akullo. Wakapangwa waingie kwa mfuatano huo huo.

Ofisi ilikuwa Old Kampala, ghorofani, juu ya duka la zamani la vyuma. Nyuma ya meza aliketi Mzee Marjan, Mnubi mwenye kofia nyeupe iliyotariziwa. Alikuwa amestaafu polisi, ambako kazi yake ilikuwa stoo na ukaguzi wa nyumba za askari. Pembeni yake alikaa Nerima, mama kutoka ofisi ya Nairobi.

"Kaa," alisema Marjan. "Wewe ni mtoto ya Olweny?"

"Ndiyo, afande."

"Nyumba yenu nimekagua sana. Mama yako alikuwa anapiga deki mpaka naogopa kukanyaga. Haya, jieleze."

Akajieleza, na safari hii hakujibu kama mtu wa seli. Aliwaambia juu ya lain, juu ya mashairi, akawachekesha kidogo. Nerima akatabasamu.

"Sasa tupe siku moja," Nerima alisema. "Siku ambayo mambo yaliharibika mbele ya watu, na wewe ukayatengeneza."

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na kisa kidogo cha harusi moja ambapo spika zilizimika, naye akasoma shairi kwa sauti yake tupu mpaka umeme ukarudi. Kilikuwa cha kweli. Kilikuwa chake. Akakitazama kichwani, akakiona kilivyo kidogo, kama shati la mtoto.

Akafungua mdomo.

"Nilikuwa natoka Gulu," alisema.

Hata yeye alishtuka. Lakini maneno yalikwisha kushika njia, na yalikuwa matamu. Alipumzika pale palipohitaji pumziko. Alishusha sauti kwenye uchungu wa yule mama, akaipandisha kwenye ndoo ya dereva. Mvua ilinyesha ndani ya ofisi ile. Nerima aliweka kalamu chini. Mzee Marjan alivua kofia, akaiweka gotini.

"Huyo mama na mtoto?" Nerima aliuliza.

"Wazima," alijibu Kidega.

Alipotoka, roho yake ilikuwa tayari inatafuta pa kujificha. Ikapata.

Lain wana desturi yao. Siku ya ukaguzi, mkubwa anapopita nyumba kwa nyumba kuona kama familia za askari zinaishi kwa heshima, hakuna nyumba yenye vitu vyote. Basi vitu vinatembea. Mkubwa akitoka nyumba ya kwanza, shuka zuri linavuliwa kitandani, linapitishwa kwa nyuma, linatandikwa nyumba inayofuata. Sufuria hivyo hivyo. Kioo hivyo hivyo. Hakuna anayeuliza ni cha nani mpaka ukaguzi upite. Watoto wa lain wote wamekulia humo, wakikimbia na shuka la jirani chini ya kwapa, wakicheka.

Kisa ni shuka tu, Kidega alijiambia. Nimelitandika, nimekaguliwa.

Lakini mwenye shuka alikuwa ameketi kwenye benchi, anangoja zamu.

"Wameuliza nini?" Akullo alimnong'oneza. Babra alikuwa amekwisha kuingia.

"Mambo ya kawaida."

"Kisa wameuliza?"

Msomaji, hapa palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi. Angesema, "Dada, nimeteleza, tumia kingine," na aibu yake ingekuwa ya siku moja.

"Hapana," alisema Kidega. "Hawajauliza."

*

Karani alimshikilia Kidega pale akitoa kopi ya kitambulisho chake, ndiyo maana alisikia. Madirisha ya ofisi ile yalikuwa ya vioo vya kupangana, na kimoja kilikuwa kimevunjika.

Akullo alikisema vizuri.

Jambo hilo ndilo lililomuua Kidega. Baada ya Jumapili zote zile, siku hiyo sauti yake haikwenda sakafuni. Ilisimama. Ilipofika kwenye pazia la migongo ya wanaume, hata karani aliacha mashine.

Kisha Mzee Marjan.

"Binti, wewe pia ni wa lain?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi nilikuwa nakagua. Nyumba ya kwanza naona shuka ya maua mekundu. Naenda nyumba ya nne, shuka ile ile, bado ina joto ya mikono. Nilikuwa nanyamaza. Ule ni umaskini, si wizi. Lakini hapa sinyamazi. Hiyo kisa nimeisikia leo, katika chumba hii."

"Kwa nani, afande?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Nenda nyumbani, binti. Nenda pole pole, usianguke kwenye ngazi."

Akullo alitoka. Hakulia. Alipita mbele ya Kidega kama mtu anayepita gizani akipapasa ukuta, na macho yake yakatua kwa Babra, aliyekuwa mlangoni anakula chapati.

Kidega aliinama, akasoma kitambulisho chake mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

*

Simu ilipigwa siku chache baadaye. Kazi ni yake.

Sajini Olweny, mzee asiyejua kusifu, alitoka nje akawaambia majirani, "Kijana amewajibu." Akarudi ndani, akatoka tena, akasema tena.

Kwenye bomba la maji mambo yalikuwa mengine.

"Uliingia mbele yangu," Akullo alimwambia Babra mbele ya wanawake wote. "Kisa changu ulikisikia kwa Benedicte mpaka ukakikariri."

"Mimi nina visa vyangu, nnyabo. Cha kwako nikipeleke wapi?"

"Afande amesema amekisikia siku ile ile."

"Hata Kidega aliingia mbele yako. Mbona yeye humuulizi?"

Kidega alikuwa pale pale, dumu lake chini ya bomba. Maji yalijaa, yakafurika, yakamlowesha viatu.

Akullo akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Kidega? Huyu hawezi kuazima hata mstari wa shairi. Bora afe."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, walisema. Huyo ana maringo yake, lakini cha mtu hagusi.

"Basi sema, bwana mshairi," Babra akamgeukia. "Ulikuwa kwenye benchi. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu," alisema Kidega. Akabeba dumu lake, akaondoka, na kila hatua kiatu kilicholowa kikamzomea.

Tangu siku ile dumu la Babra lilisukumwa nyuma ya foleni. Waliokuwa wanasukwa nywele kwake wakahamia kwingine. Lain haifukuzi mtu. Inamwacha tu asimame peke yake akiwa katikati ya watu.

Jioni moja Akullo akabisha hodi.

"Omera, ndugu yangu, nifundishe."

"Nikufundishe nini?" Kidega aliuliza.

"Kusema. Nilikwenda intavyu nyingine. Wakaniuliza siku ambayo nilitatua shida. Nikasema sina." Alikuwa anaongea na sakafu tena. "Ninacho, jamani bambi, unajua ninacho. Lakini nikitaka kukifungua naona kama naiba kweli. Mtu akikuita mwizi mbele ya watu waliokaa vizuri, unaanza kujipekua mwenyewe."

Mwanamume angemwambia hapo hapo. Kidega alivuta kiti.

"Inua uso," alisema. "Ukisema, mtazame mtu machoni. Usikimbilie mwisho. Pumua."

Alimfundisha mpaka mama yake Akullo alipomwita akale. Alimfundisha vizuri, kwa uvumilivu, kama ndugu. Akullo akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea baraka. Alipokwisha kwenda, Kidega alijaribu kutunga shairi, maana ndivyo alivyokuwa akijitibu. Kila mstari uliokuja ulikuwa na sauti ya mtu mwingine.

*

Jumatatu alivaa shati la kampuni, la bluu, lenye basi dogo kifuani. Hakuwa amemaliza hata kuonyeshwa meza yake, Mzee Marjan akamwita.

"Mabasi ya Juba yameongezeka. Nataka msimamizi mwingine. Sasa Nerima ananisumbua kwa simu kila siku. Anasema yule binti wa kisa, macho yake hayakuwa ya mwongo. Anasema labda alisikia tu mahali, tamaa ikamshika, tumpe nafasi. Mimi nikasema, nitamuuliza mwenye kisa. Akisamehe yeye, nami nasamehe." Akajiegemeza. "Wewe unamjua. Ni mwizi, au ni mtoto aliyeteleza?"

Kidega aliona mlango mwingine umefunguliwa. Angeweza kumpa Akullo kazi kwa neno moja: ameteleza, msamehe. Akullo angepata mshahara, na angeupata kama mwizi aliyesamehewa na mwizi wake.

"Afande," alisema. "Kisa kile… si changu mimi."

Ilitoka. Nusu tu, lakini ilitoka. Mzee Marjan alimtazama, halafu akaanza kucheka, kicheko cha upendo kabisa.

"Ndiyo maana nilikupenda. Kijana mwingine angesema ni mimi, mimi, mimi. Wewe unasema si changu mimi. Ni ya wale abiria, ni ya yule bibi mkunga. Olweny alilea."

"Afande, maana yangu ni kwamba…"

"Nimeelewa maana yako."

Kulikuwa na nafasi ya neno moja zaidi. Lilikuwa neno fupi. Kidega alilitafuta, akaona shati la bluu, akamwona baba yake anatoka nje kuwaambia majirani mara ya tatu. Akanyamaza.

"Nimemwita binti mwenyewe," alisema Marjan. "Yuko nje. Aombe radhi mbele yako, mambo yaishe kama watu wa lain." Akapaza sauti. "Ingia."

Akullo akaingia amevaa gauni lake la kanisani. Alimwamkia mzee kwanza. Kisha akamwona aliyeketi pembeni.

"Huyu ndiye mwenye kisa," alisema Marjan. "Sema naye."

Hakuna aliyesogea. Chini, mbele ya duka la vyuma, mtu alikuwa anagonga bati, anaacha, anagonga tena. Kidega aliuona uso wa Akullo ukilipita jambo zima, benchi, bomba, Babra, jioni ile ya mafunzo, ukilirudia tena toka mwanzo, polepole, kama mtu anayehesabu vitu vilivyobaki baada ya moto.

"Kidega," alisema. Hilo tu.

Angalau angepiga kelele. Angalau angemtukana kwa Kiacholi, kwa Kiganda, kwa lugha yoyote. Alimgeukia mzee.

"Afande, siombi radhi. Naomba swali moja. Mtoto yule, mama yake alimpa jina pale pale ndani ya basi, kabla hajafunikwa vizuri. Jina hilo sijalitaja kwa Benedicte hata siku moja. Tulijiwekea mimi na yule mama. Muulize huyu mwenye kisa. Akilijua, mimi ni mwizi, naondoka, na Kampala hii hamtaniona tena kwenye meza yoyote."

Mzee Marjan aliiweka sawa kofia yake. Uso wa mkaguzi ulirudi mahali pake.

"Swali ya haki," alisema. "Kidega, mtoto aliitwa nani?"

Akullo alisimama wima. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya usaili alikuwa na uhakika, na uhakika ulimfanya awe mrefu.

Kitu kimoja Akullo hakukijua. Wiki chache kabla ya usaili, yeye akiwa sokoni Owino, mwanamke mmoja alifika lain na mtoto mgongoni, akimtafuta dada wa kwenye basi ili amshukuru. Aliyemkaribisha, akampa kiti na maji, akampakata mtoto mpaka akasinzia, alikuwa Kidega. Mama yule aliondoka bila kumwona aliyemfuata. Na Kidega hakumwambia Akullo kwamba mgeni alikuja. Wakati ule hakujua kwa nini hakumwambia. Sasa alijua.

"Jibu, kijana," alisema Marjan.

Jina la mtoto lilikuwa juu ya ulimi wake, zima, halina hata herufi iliyopungua.